Nani Atabadilisha Betri?



Kila penye jukwaa na kipaza sauti siku hizi, vijana huambiwa kwamba suala la nishati liko mikononi mwao. Waziri atalisema kwenye mahafali, mkuu wa wilaya atalirudia mwenge ukipita, na mgeni rasmi anayefungua maonesho ya ubunifu hatateremka bila kuligusa. Jioni hii nataka tulichukue neno hilo kwa uzito wake wote, maana mimi naliamini. Mzigo huu kweli ni wa vijana. Tatizo langu ni kwamba tunawazungumzia kama watu walioko nje ya mlango, wanaosubiri kukabidhiwa kazi kesho au keshokutwa, ilhali wengi wao wako ndani ya nishati ya nchi hii tangu utotoni, na hakuna anayewataja.

Alfajiri, kabla jua halijachomoza, simama kwenye barabara inayoingia Dar es Salaam kutoka Kisarawe, au Mkuranga, au Chalinze. Utawaona wanakuja, pikipiki moja baada ya nyingine, kila moja imefungwa magunia ya mkaa mpaka taa ya nyuma haionekani. Dereva amesogea mbele kabisa, amekalia tangi la mafuta, kwa sababu kiti chote kimechukuliwa na mzigo. Wengi wao hawajafika miaka 30. Wanakimbizana na saa, kwani kukipambazuka kizuizi cha maliasili kitakuwa na watu, na asiye na kibali hupoteza magunia na pengine pikipiki yenyewe. Kwa hiyo wanapita njia za panya, gizani, na wapo ambao hawakufika.

Nyuma ya dereva huyo yuko kijana mwingine aliyebaki porini, mchoma mkaa mwenyewe. Anakata magogo, anayapanga kwa saizi, anayafunika kwa majani mabichi, kisha kwa udongo, anaacha mlango wa kuwashia na matundu ya kupumulia. Akishawasha, kazi yake inakuwa kukesha. Moshi mzito mweupe humwambia kwamba kuni bado zinatoa maji. Moshi ukianza kuwa mwembamba, wenye rangi ya bluu kwa mbali, mkaa unakaribia kuiva na matundu yazibwe upesi. Udongo ukititia upande mmoja naye amesinzia, hewa ikaingia, asubuhi atakuta majivu, na jasho la siku zote zile limekwenda. Kijana anayeweza kusoma rangi ya moshi namna hiyo ni mtu wa nishati kwa kila maana ya neno hilo, hata kama hakuna chuo kilichompa cheti.

Lakini sasa tazama anachokifanya kwa ujuzi huo. Tanuri la udongo la kienyeji hula kati ya kilo 5 na kilo 10 za kuni ili kutoa kilo moja tu ya mkaa. Sehemu kubwa ya mti inapaa na moshi palepale porini, kabla gunia halijafika mjini. Na nchini Tanzania zaidi ya asilimia 80 ya nishati yote inayotumika hutokana na kuni na mkaa. Umeme, pamoja na kelele zake zote bungeni na magazetini, ni sehemu ndogo. Ukiuliza basi ni nani hasa anayeibeba nchi hii kwa upande wa nishati, jibu ni huyu wa tanuri, huyu wa pikipiki, dada anayerudi na mzigo wa kuni kichwani, na mama lishe anayepuliza jiko saa kumi na moja alfajiri.

Moshi huo una gharama yake. Serikali yenyewe imekuwa ikitaja watu wapatao 33,000 wanaofariki kila mwaka nchini kwa maradhi yanayohusishwa na moshi wa kupikia. Ndiyo maana mwaka 2024 ulizinduliwa mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziliagizwa kuachana na kuni na mkaa. Ni uamuzi mzuri na naunga mkono. Ila swali ambalo sijalisikia likijibiwa kikamilifu ni hili: yule kijana wa tanuri na mwenzake wa pikipiki wanakwenda wapi? Ukiwafungia njia bila kuwafungulia nyingine, utakuwa umewaongezea tu idadi ya usiku wa kupita njia za panya.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu jibu mojawapo lilishajaribiwa, tena si mbali. Mwaka 2012 ulianza mradi wa mkaa endelevu katika baadhi ya vijiji vya Kilosa mkoani Morogoro, Ulaya Mbuyuni na Ihombwe vikiwemo, chini ya shirika la kuhifadhi misitu ya asili, TFCG, pamoja na mtandao wa jamii wa usimamizi wa misitu, MJUMITA. Kijiji kilitenga sehemu ya msitu wake kwa ajili ya mkaa, sehemu hiyo ikapimwa vitalu vya mita 50 kwa 50. Kitalu kimoja kinavunwa, jirani yake kinaachwa kimesimama. Kilichovunwa hakiguswi tena mpaka ipite miaka 24. Visiki vinaachwa vichipue, kwa kuwa miombo ina tabia hiyo ya kuchipua yenyewe usipoilima wala kuichoma. Mchoma mkaa anafundishwa tanuri lililoboreshwa, anapata kibali, anajiunga na wenzake, na ushuru wa gunia unaingia kijijini. Fedha hizo zilisaidia shule na zahanati.

Tazama kilichobadilika hapo. Mti ni uleule na mkono ni uleule. Ila sasa kijana anafanya kazi mchana, kwa jina lake, kwenye kitalu kinachojulikana, na ana sababu ya kumzuia mtu wa nje anayekuja usiku na shoka. Anachoma mkaa na wakati huohuo analinda msitu. Sisemi mkaa uwe ndiyo mwisho wa safari yetu. Nasema kwamba kati ya leo na huo mwaka 2034 kuna miaka ya kuishi, na miaka hiyo inahitaji utaratibu kama huu wa Kilosa katika wilaya nyingi zaidi. Vijana wa serikali za vijiji ndio wenye uwezo wa kuudai, maana ardhi ya kijiji inapangwa na kijiji.

Sasa tuje kwenye umeme.

Waliokuwa watu wazima mwaka 2006 na 2011 wanaikumbuka Mtera. Taarifa ya habari ilikuwa ikitusomea kina cha bwawa hilo karibu kila jioni: mita 690 juu ya usawa wa bahari ndicho kiwango cha chini kinachoruhusiwa, na tulikuwa tunakihesabia sentimita. Mtera ndiyo inayohifadhi maji ya Kidatu pia, kwa hiyo ikikauka vinaathirika vituo viwili. Mgao wa umeme ulikuwa wa saa kumi na mbili na zaidi kwa siku. Ukarudi tena 2022, na tena 2023. Kila mara lawama ziliangushiwa mvua. Mvua ilichangia, sikatai. Lakini Ruaha Mkuu, mto unaoilisha Mtera, ulianza kukauka kabisa wakati wa kiangazi tangu mwaka 1993, baada ya maji ya bonde la Usangu kugawanywa kwenye mashamba na mifugo bila mpango. Kwa maneno mengine, kijana anayefungua mfereji wa mpunga Mbarali, humohumo Usangu, mwezi wa tisa amekaa karibu zaidi na swichi ya umeme kuliko ofisa mwenye kitambulisho shingoni.

Leo tuna Bwawa la Julius Nyerere kwenye Rufiji, mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Wa kwanza uliwashwa Februari 2024. Ni kazi kubwa, na nchi ina haki ya kujivunia. Lakini sehemu kubwa ya maji ya bwawa hilo hutoka Bonde la Kilombero, na Kilombero nako kuna jembe, kuna ng'ombe, kuna mifereji, na kuna vijana wanaotafuta maisha kama walivyofanya wenzao wa Usangu. Bwawa limejengwa kwa matrilioni ya shilingi. Vyanzo vyake vinatunzwa au kuharibiwa na watu ambao hawakualikwa siku ya uzinduzi. Kijana wa Ifakara, huko Kilombero, akijiunga na jumuiya ya watumia maji, akasimamia zamu za mifereji na mita 60 za ukingo wa mto zinazokatazwa na sheria, anazalisha umeme. Napenda aambiwe hivyo, kwa uwazi, na alipwe heshima yake.

Nguzo nazo zimesambaa. Serikali imeufikisha umeme katika vijiji vyote 12,318. Kuunganishwa kijijini ni shilingi 27,000. Hata hivyo, pita kwenye kijiji chochote jioni uhesabu nyumba zinazowaka. Waya unapita juu, chini kibatari na tochi ya simu. Kikwazo hakipo tena kwenye hizo 27,000, kipo kwenye wayaringi ndani ya nyumba, ambayo gharama yake ni mara nyingi zaidi. Ndipo anapoingia kishoka, fundi wa mitaani asiye na leseni. Anavuta waya mwembamba, haweki eathi, anaunganisha kwa mkanda wa gundi, anachukua chake anaondoka. Baada ya miezi, nyumba ya nyasi au ya bati inaungua na tunaambiwa ni hitilafu ya umeme. Kijana aliyesoma umeme kwenye chuo cha ufundi cha VETA na kuchukua leseni EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati, anaweza kuziba pengo hilo kijiji kwa kijiji, kwa bei ambayo watu wataimudu wakilipa kidogo kidogo. Halmashauri zina asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, na 4 kati ya hizo ni za vijana. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurudishwa mwaka uliofuata. Vikundi vingi huombea bodaboda. Siwalaumu, bodaboda inalipa kesho yake. Ila kikundi cha mafundi watano wenye leseni, vifaa vya kupimia na ngazi, katika tarafa yenye vijiji 20 vilivyofikiwa na waya, hakiwezi kukosa kazi.

Tukiwa hapohapo kwenye umeme wa nyumbani, kuna hesabu moja nataka wanafunzi wa vyuo waifanye kisha waipeleke panapohusika. Jiko la umeme la presha lenye wati 1,000 likivuta mfululizo saa nzima linakula uniti moja. Lakini halivuti mfululizo. Linapata joto, linajizima, presha inaendelea kupika, linarudi kidogo. Maharage yaliyolowekwa yanaiva kwa takribani nusu uniti, na mara nyingi chini ya hapo. Hata kwa bei ya kawaida ya shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi, chungu hicho hakifiki shilingi 200. Linganisha na mkaa unaoteketea ukichemsha maharage hayohayo mchana kutwa, utaona nani analipa zaidi.

Basi kwa nini mama hapiki kwa umeme? Jiko lenyewe ni ghali kulinunua kwa mkupuo. Pia kuna jambo la bei ambalo watu wengi hulijua kwa hofu tu. Mteja mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Akianza kupika, uniti zake zinaongezeka. Akizoea kuzipita 75 anahamishiwa kundi la kawaida, na kila uniti aliyokuwa akiinunua kwa 100, hata ya taa, inakuwa 292. Kwa hiyo familia maskini inayofuata wito wa nishati safi inaadhibiwa kwa kuufuata. Mkakati unavuta huku, bei inavuta kule. EWURA huitisha mikutano ya kukusanya maoni kabla ya kupanga bei, na mtu yeyote anaruhusiwa kusimama. Kikundi cha vijana waliosoma uhasibu na uhandisi wakienda pale na vipimo vya kaya za mtaani kwao, mwezi kwa mwezi, chungu kwa chungu, watakuwa wamefanya kazi kubwa kuliko miradi mingi iliyoshinda vikombe.

Na sasa betri.

Nenda kwenye zahanati au shule ya kijijini iliyofungiwa sola na mfadhili miaka ya nyuma. Paneli bado ziko juu ya bati, zimefunikwa vumbi, na ukizipangusa zinaleta umeme vizuri tu. Ingia ndani ufungue lile kasha la betri. Vichwa vyake vimeota unga mweupe wenye kijani. Maji yamekauka, na pale alipobaki mtu wa kuyaongeza aliongeza ya bombani. Kontrola inawaka taa nyekundu, mwezi nenda mwezi rudi, na hakuna anayeiangalia. Muuguzi anampokea mzazi usiku kwa tochi ya simu, chini ya paneli nzima. Hadithi ya ilivyofikia hapo karibu kila mahali ni moja: watu walichomeka simu za kijiji kizima, ikaongezwa televisheni, betri ikanyonywa hadi mwisho kila usiku, na baada ya miaka mitatu minne ikafa. Paneli hudumu miaka 20 na zaidi. Betri ya asidi ina maisha mafupi sana kuliko hayo, kila fundi analijua hili, na bado mkataba ulioandikwa siku ya makabidhiano haukuwa na mstari hata mmoja wa kununua nyingine.

Huu ndio ugonjwa wa nishati yetu, nauona mkubwa kuliko upungufu wa megawati. Tunapenda siku ya kuzindua, na tunawafundisha vijana kuipenda. Mashindano yanamzawadia aliyebuni kitu kipya; sijaona yanayomzawadia aliyekitunza cha zamani kikaendelea kufanya kazi hadi mwaka wa saba. Wako waliofanikiwa katika hilo. Wilayani Ludewa mkoani Njombe, vijiji vya Lupande, Madunda na Mawengi vina umeme wa maji wa kilowati 300, na watumiaji wenyewe wana jumuiya yao ya kuumiliki, LUMAMA. Bili inalipwa kwa jumuiya, mitambo inahudumiwa kwa fedha hiyo, na misitu ya chanzo cha mto inalindwa kwa sababu kila mwenye taa anajua inakotoka. Hapo betri, kwa kusema hivyo, ina mwenyewe.

Vijana, wako watakaowaambia kwamba mambo ya mikataba ni ya wakubwa. Msikubali. Katika mgao ule wa 2006 nchi ilitafuta umeme wa dharura, ikaingia mkataba na kampuni ya Richmond, wa megawati 100 ambazo kampuni hiyo haikuweza kuzileta kama ilivyoahidi. Kamati teule ya Bunge ikachunguza, na Februari 2008 Waziri Mkuu, Edward Lowassa, akajiuzulu. Giza lilishalipwa na kinyozi, mwenye mashine ya kusaga na mwenye genge la samaki. Mikataba ya leo itamalizika nyinyi mkiwa na wajukuu, kwa hiyo mnayo kila sababu ya kuisoma.

Sasa nawageukia watu wa rika langu, tulioshika vyeo na mihuri. Hatuwezi kumwambia kijana kwamba nishati ni jukumu lake kisha tukamnyima nafasi kwenye kamati ya zahanati, tukamwita fundi kwa kazi ya bure ya kujitolea, na kumlipa posho mgeni rasmi. Kila kata yenye sola kwenye majengo ya umma inahitaji fundi mmoja mwenye mshahara, kipima umeme, galoni la maji ya betri na daftari la matengenezo. Ni ajira chache zinazojulikana idadi yake, na gharama yake ni ndogo kuliko kununua mfumo mpya kila ule wa zamani ukifa.

Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila miezi mitatu kwa mujibu wa sheria, na mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai mosi, ila makadirio yake huanza kuandikwa vijijini miezi mingi kabla. Kijana anayetaka kushika jukumu hili anaweza kwenda kwenye mkutano ujao akiwa amekwisha kufungua kasha la betri la zahanati yao, ameandika aina yake na tarehe iliyobandikwa ubavuni, na amepata bei kutoka maduka mawili. Asimame aombe mstari wa kununua betri mpya uingie kwenye mpango wa kijiji, usomwe kwa sauti na uandikwe kwenye muhtasari. Ukikosa kuingia safari hii, zahanati itasubiri hadi bajeti ya mwaka mwingine.